Mali ya Chuo

Foleni ya mashine ya kunakili ilifika hadi ngazini siku mhadhiri alipomkanyaga fundi wa kurekodi masomo ya mtandaoni. Mhadhiri, shati la samawati, kola tu ndiyo iliyopigwa pasi. Fundi, kitambaa cha njano kichwani, hedifoni shingoni.

"Mwalimu, huo mguu bado nautumia."

"Samahani, dada. Nitakutafutia mwingine."

Wakacheka, ikawa ndiyo mwanzo. Muhula mzima mhadhiri alifundisha, fundi akarekodi. Kila somo lilipokwisha mhadhiri alimchokoza kidogo mbele ya kamera, akijua fundi husikiliza hadi sekunde ya mwisho ndipo akate mkia, yale maneno yanayobaki baada ya somo.

Kisha ukaja mkataba. Kurasa kumi na moja, na sumu imefichwa kwenye ya tisa, kama kawaida ya wakubwa: sauti, sura na chochote kilichorekodiwa ni mali ya chuo, milele. Fundi alimsihi asome. Mhadhiri, ambaye somo lake lilikuwa sheria za mikataba, akasema chuo ni mama, na mama hamwibii mwana. Akatia saini bila kufungua. Wakanuniana. Somo la mwisho mhadhiri alijirekodi peke yake.

Chuo kililichukua siku hiyohiyo, kikalifungia kabla halijamfikia fundi. Muhula uliofuata mama akamfukuza mwana: video zinafundisha, yeye wa nini? Fundi alimpigia simu wiki nzima. Haikupokewa.

Miaka mitatu baadaye fundi aliagizwa akate mkia wa lile somo la mwisho, lifunguliwe kwa wanafunzi. Somo lilipokwisha kwenye skrini, mhadhiri hakuondoka. Alilegeza kola.

"Fundi wangu, kwa kununa umenishinda. Nikuoe, uwe unanisomea karatasi. Kama hutaki, nyamaza tu, nitaelewa."

Fundi akampigia kwa simu ya ofisi, namba asiyoijua, akapokea.

"Nimekusikia leo," akasema.

"Leo? Mimi nilijua umenyamaza, na simu zako nikadhani ni za pole tu."

"Sikunyamaza, mpenzi. Nilinyamazishwa."

Mhadhiri akamweleza, taratibu, kwamba sasa ana mke, mtu mwema asiye na kosa. Fundi akawatakia heri, na alimaanisha.

Agizo lilisema kata. Hakukata. Mpaka leo wanafunzi hufika mwisho wa somo la mikataba, wakamsikia mwanamume akiomba jibu, halafu kimya.