Kicheko cha Linnea

Jioni ile ya Ijumaa nilikuwa natoka dukani na mfuko wa peremende, nimevaa ng'ombe. Ng'ombe mzima: pembe, mkia, na kiwele cha mpira kinachonipiga mapaja kila nikipiga hatua. Nimeugua tumbo Bombay, nimelala korokoroni Valparaiso kwa kosa la kuimba, na kote huko sikuaibika kama nilivyoaibika kwenye foleni ya duka lile. Lakini Linnea, binti wa dada yangu, alikuwa ameshaamua. Yeye mchungaji, mimi mifugo. Mtoto wa miaka saba utabishana naye nini?

Hasira nilikuwa nayo, ila si ya vazi. Vazi lile lilishonwa kwa ajili ya baba yake. Baba huyo, Craig, alikuwa amepiga simu alasiri: "Lowell, niokoe, kaka. Kazi imenibana." Kazi! Wikendi nzima ilipangwa kwa ajili yake: Ijumaa Usiku wa Ombaomba, Jumamosi asubuhi mpira, mchana shamba la maboga, jioni Halowini yenyewe na supu kanisani. Yote yakaniangukia mimi na dada yangu Marlys.

Hapa Des Moines, Usiku wa Ombaomba mtoto huvaa vazi na kupita nyumba kwa nyumba, ila haombi peremende kavukavu. Anabisha hodi, anatoa kichekesho, mwenye nyumba anacheka, ndipo anapewa. Taa ya barazani ikiwaka, karibu. Ikiwa imezimwa, pita.

Yetu ilikuwa inawaka.

Giza lilipoanza kuingia watoto wakapungua. Tulibaki wawili mlangoni, mimi na Linnea na bakuli letu. Kisha nikasikia kitu kinaburutwa juu ya majani makavu.

Krrr... krrr...

Harufu ikatangulia. Matufaha yaliyooza kwenye chumba chenye unyevu.

Alikuwa na kimo cha Linnea. Kinyago cha gunia, matundu mawili ya macho, na mfuko mkubwa kuliko yeye mwenyewe. Ule mfuko ulikuwa unatikisika.

"Haya, bwana mdogo," nikasema, "tuvunje mbavu."

Akanong'ona: "Mtu alizikwa na simu yake. Mkewe akapiga. Ikapokelewa."

"Ehe? Akasema nini?"

"Akasema, ongea polepole, mke wangu. Huku watu wamelala."

Nikacheka. Mimi hucheka chochote, hata hotuba za harusi. Kinyago kikatikisa kichwa.

"Si wewe."

Kikamgeukia Linnea.

Na Linnea akacheka. Kicheko chake kilikuwa cha bata anayefukuzwa: kinaanza chini, kinapanda, kinapanda, halafu...

Kikakatika.

Mgeni akaufunga mdomo wa mfuko wake kwa kamba. Akaondoka na mzigo wake. Peremende hakugusa.

Asubuhi uwanjani, ng'ombe bado mwilini kwa amri ya mchungaji wangu, niliteleza kwenye tope, nikaenda chini chali mbele ya wazazi wote. Watu wakaangua vicheko. Linnea naye akapanua mdomo. Mabega yakaruka, machozi yakamtoka. Sauti hakuna. Hata pumzi hakuna.

"Mafua hayo," akasema Marlys.

Wenzake hawakusema mafua. Wakaanza kumwiga, midomo wazi kama samaki sokoni. Kufika shamba la maboga alikuwa anajiziba mdomo kwa mikono miwili. Tuliporudi nyumbani alikuwa ameacha hata kutabasamu. Nikampigia Craig. Simu ikaita mpaka ikachoka.

Tulikuwa bado kwenye gari nje ya nyumba, Linnea akaniinamia sikioni.

"Mjomba. Nakisikia."

"Nini, mama?"

"Kicheko changu. Kiko kule." Akanyooshea kidole nyumba ya mwisho mtaani kwetu, ile ambayo taa yake haiwaki. Kila mwaka huwa tunaipita. "Kinacheka, mjomba. Lakini hakitaki."

Hapo ndipo nilipowaka. Nimeshuhudia watu wakitapeliwa bandari nne za dunia, lakini kumwibia mtoto kicheko? Mtoto ambaye baba yake ameshamwibia wikendi?

Nikavuka mtaa nikiwa bado na pembe zangu. Nikabisha kwa ngumi.

Mlango ukafunguka upana wa kiganja. Ndani giza. Matufaha yaliyooza.

"Kichekesho kwanza," sauti ikanong'ona.

"Nipe cha mtoto wangu!"

"Kichekesho kwanza."

Nikatoa cha mchungaji na mbuzi. Kimya. Nikatoa cha daktari wa meno, kile kilichonifanya nitimuliwe kwenye meli. Kimya. Nikatoa vyote nilivyonavyo, na kiwele changu kinapepea kwa upepo. Kimya, kimya, kimya.

Basi hasira ikanipanda. Nikaanza kufoka. Nikamtukana yule wa ndani, nikamtukana Craig na kazi yake, nikayatukana maboga, tope, supu ya kanisani. Nikasema mimi ni mzee mzima asiye na mke, nimezunguka dunia nzima na kurudi nyumbani kuwa ng'ombe wa mtoto wa mwenzangu, na wallahi kazi hii naipenda, na usiponirudishia kicheko chake nitaichoma nyumba hii na pembe hizi hizi!

Ndani wakacheka.

Si mmoja. Wanaume, wanawake, vichanga. Mlango ukafunguka zaidi kidogo, na mdomo wa mfuko ukasogezwa mbele yangu.

"Chukua."

Nikaingiza mkono. Vilikuwa vingi. Vya moto, vinadunda kama vifaranga. Ningejuaje kipi ni kipi? Nikashika kimoja, nikakimbia.

Linnea alikuwa mezani. Nikafungua kiganja mbele ya uso wake. Sikuona kitu. Yeye akavuta pumzi, akanitazama na pembe zangu zilizopinda.

Akacheka.

He! he! he! Kikavu, kizito. Kisha kikohozi cha mvuta sigara wa miaka hamsini.

Sahani ikamponyoka Marlys.

"Lowell," akanong'ona. "Hicho si cha mwanangu. Kirudishe."

Nikarudi mbio. Taa ya baraza inawaka. Akafungua kijana mwenye kipande cha piza mkononi.

"Karibu, mzee. Vazi kali hilo!"

"Nilikuwa hapa sasa hivi. Yuko wapi mwenye mfuko?"

"Mfuko gani? Tumehamia tangu masika. Taa ilikuwa imeungua tu, nimeibadilisha sasa hivi."

Nyuma yake palinukia piza.

Miaka imepita. Linnea yuko chuo, na wenzake wanakipenda kile kicheko cha babu. Mwaka jana alinipigia simu Usiku wa Ombaomba, nikaiweka simu kwenye spika nikiwa naendelea kugawa peremende. Akaja mvulana wa mtaa wa pili, amevaa kama mwanaanga. Akatoa kichekesho kibovu cha kuku, na kabla sijacheka akakicheka mwenyewe.

Kikaanza chini. Kikapanda. Kikapanda...

Nilimkamata kifundo cha mkono.

"Kuna nini, mzee?" mama yake akauliza kutoka njiani.

Mvulana akanitazama. Mdomo ulianza kumtetemeka. Kilikuwa pale, nyuma ya meno yake, na mimi nilikuwa na hasira ya miaka yote ile mkononi.

"Mjomba," simu ikasema kwa upole. "Na mimi nimekisikia. Mwachie."

Nikamwachia. Nikammiminia bakuli zima, nikazima taa, nikaingia ndani, nikaketi.

"Umefanya vizuri, ng'ombe wangu," akasema Linnea. Na akacheka. He! he! he! Na kikohozi.

Mlango ukabishwa.

Taa imezimwa. Hakuna anayebisha nyumba iliyozima taa. Nikafungua hata hivyo. Alikuwa bibi kizee, hana vazi wala kinyago, amevaa koti juu ya nguo za kulalia. Hakunitazama mimi. Alikuwa anaitazama simu iliyo mkononi mwangu, na uso wake ulikuwa na hasira ninayoijua vizuri.

"Huyo anayecheka," akanong'ona, "anakaa wapi?"

Nikaikata simu.

"Niambie anakaa wapi," akasema, akaweka mguu kizingitini. "Hicho ni cha mume wangu."