Uzi Usivutwe

Fundi cherehani alikuwa na mazoea yake, na mazoea yana taabu. Akimaliza kushona pindo kwa mkono, sindano harudishi mahali pake. Huichomeka popote, uzi ukining'inia, akashika nguo nyingine.

"Mke wangu, siku moja nitakalia sindano zako nitoke hapa kama nungunungu," mumewe alimtania.

"Tazama kabla ya kukaa. Macho umepewa ya nini?"

Mume aliweza kutazama. Kiraka je? Kiraka alikuwa mbwa wao, mweupe, mwenye doa jeusi jichoni. Walimlea tangu mdogo, watoto wao walipooa na kuolewa na nyumba ikabaki kimya. Kutwa alilala chini ya cherehani, kichwa juu ya mguu wa fundi, naye fundi akizungumza naye.

"Huyu hanijibu ovyo," aliwaambia wateja. "Ndiyo maana tunaelewana."

Asubuhi moja fundi alikula mkate na mayai palepale kazini. Akafutia vidole kwenye kitambaa, kisha akachomeka sindano humohumo. Mteja akabisha hodi. Fundi akatoka kumpima.

Aliporudi, kitambaa kilikuwa sakafuni, kimelowa mate. Kiraka alikuwa anakohoa na kujipangusa mdomo kwa mguu. Uzi mwekundu ulitokeza pembeni mwa mdomo wake.

"Baba watoto, njoo! Kiraka kameza uzi!"

"Na sindano iko wapi?"

Fundi alikung'uta kitambaa. Hamna kitu.

Sasa, huyu mama amevuta nyuzi maisha yake yote. Uzi ukikwama, unauvuta polepole, unatoka. Basi akauvuta. Kiraka alilia kilio ambacho hawakuwahi kukisikia. Damu ikatoka, uzi ukakatika.

"Tumpe mafuta ya kupikia," mume alisema. "Yataitelezesha. Kesho ataitoa akienda haja."

Wakamnywesha mafuta. Wakasubiri. Mchana kutwa Kiraka alitapika, na chakula hakukigusa. Kesho yake tumbo lilikuwa gumu, na hakuweza kusimama. Fundi alipoita jina lake, alitikisa mkia kidogo tu.

Hapo ndipo walipombeba mpaka kwa jirani yao, daktari wa mifugo. Daktari alimpiga picha ya tumbo, akaingia naye chumba cha upasuaji. Wao wakakaa kwenye benchi, wameshikana mikono.

Daktari alipotoka, alikaa nao hapo benchini kabla ya kusema neno.

"Poleni sana. Nimejitahidi, lakini amekufa."

Fundi akaangua kilio. Baada ya muda aliuliza, "Ni sindano?"

"Sindano ilinasa tumboni. Lakini uzi ndio uliommaliza. Mama, wewe ukivuta uzi wa marinda, kitambaa kinafanyaje?"

"Kinajikunja."

"Utumbo nao hujikunja hivyo hivyo. Halafu uzi unaukata."

Fundi aliutazama mkono wake wa kulia. "Mimi niliuvuta, daktari."

"Hukujua. Wengi huvuta. Ukiona uzi unatokeza, mdomoni au nyuma, usiuvute. Usimtapishe, maana kitu chenye ncha humchoma tena kikirudi. Usimpe mafuta, maziwa wala chakula. Mzuie asiendelee kuumeza, umlete mara moja, hata kama anacheza. Ukipata kitu kama alichomeza, njoo nacho nikione."

"Na kama tungemleta jana asubuhi?"

Daktari hakupenda kumdanganya. "Pengine angepona."

Walimzika nyuma ya nyumba, amefunikwa kitambaa kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo fundi.

"Ajali haina kinga, mke wangu," mume alisema.

"Hii ilikuwa nayo. Kopo lenye mfuniko." Na siku ileile alilitafuta. Tangu hapo kila sindano ilirudi koponi, na nyuzi zilifagiwa kabla hajainuka kitini.

Miezi ikapita. Siku moja jirani yao, muuza mboga, aliingia mbio amebeba mbwa wake. Kamba ya kufungia mchicha ilitokeza mdomoni mwa mbwa huyo.

"Fundi, wewe una vidole vyepesi! Nivutie hii!"

"Usivute!" Fundi alimdaka mkono. "Usiguse! Mviringe kitambaa kipana, miguu ya mbele iwe ndani, asiifikie. Chukua kipande cha kamba kama hiyo. Twende kwa daktari."

"Ngoja kwanza nifunge genge..."

"Genge litangoja. Huyu hangoji."

Jioni daktari aliwaambia kwamba kamba imetoka yote, na mbwa atapona. Muuza mboga alimkumbatia fundi, hataki kumwachia.

"Shoga yangu, umeniokolea mbwa wangu! Nani alikufundisha haya?"

"Kiraka," fundi alisema.

Akarudi nyumbani, akafungua kopo, akatoa sindano. Alipokaa kwenye cherehani, alisogeza mguu taratibu, kama alivyozoea, asije akamkanyaga.