Kidevu Kilichofungwa

Mzee Fumo alikutwa amekufa shambani kwake Sabaki, kisogo kimepasuka, mpini wa jembe umetupwa kando. Aliyemkuta, Baya, mchoma makaa wa Ganze, alikuwa tayari ametiwa pingu.

"Ndiye huyu, afande," alisema Konstebo Ochola. "Tazama damu mikononi."

"Nilimgusa nione kama yu hai!"

Inspekta Thuku alichuchumaa. Maiti ililazwa ubavu wa kulia, uso kaskazini. Macho yamefumbwa. Kidevu kimefungwa kwa utepe uliochanwa kwenye kikoi, kinywa kisibaki wazi.

"Baya, wewe unasali wapi?"

"Mimi? Kwa koma, mizimu ya babu zangu. Krismasi naenda kwa padri."

"Mfungue, Ochola. Muuaji alimwelekeza mzee kibla. Huyu hata hakijui kilipo."

Kesho yake Fumo alikuwa afike mbele ya kamati ya vitambulisho, amtolee ushahidi Mahdi, mwanawe wa kulea. Thuku alimkuta Mahdi nyumbani Malindi, amevaa suruali.

"Pole kwa msiba."

"Tushapoa, bwana."

"Mzee angesema nini kesho?"

"Kwamba nimezaliwa hapa."

"Ulizaliwa hapa?"

Mahdi akamsogezea kiti.

"Kikoi chako cha shamba kiko wapi?"

Khamisa, mkewe, mtoto mchanga begani, akawahi kujibu. "Si kile kambani? Nimekifua. Sijui kimechanikia wapi upindo."

Thuku akauweka ule utepe penye mchaniko. Ulikubali uzi kwa uzi. Khamisa akamgeukia mumewe, akakaa chini.

"Alinileta mgongoni kutoka ng'ambo ya mpaka, sijaota jino," Mahdi alisema. "Lugha ya huko siijui. Nikamwomba, baba, sema nilizaliwa Malindi. Akasema hataapa uongo juu ya msahafu."

"Ukweli wake ungekufukuza nchini."

"Niende kwa nani, bwana? Na hawa niwaache na nani? Nilimpiga mara moja tu. Alipoanguka nikamwita, hakuitika."

"Kwa nini hukukimbia?"

"Nimwache baba yangu kinywa wazi, inzi waingie?"

Kituoni mvua ilikuwa ikivuja kupitia bati. Ochola alimpaka Mahdi wino, akamgandamiza vidole kwenye karatasi, kimoja kimoja. Mahdi alivitazama jinsi vilivyokuwa vyeusi.

"Na wanaoomba kitambulisho hufanyiwa hivihivi?"

"Hivihivi," alisema Thuku. "Kaza gumba."