Deki Iliyoikataa CD ya Iddi

Siku za msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, kazi za nyumbani huko Mamba huanza mapema kuliko kawaida. Pembe ilipolia kutoka upande wa ndiva, lile bwawa la kukusanyia maji ya mifereji, Eliwaza alikuwa ameshachota maji, ameosha vyombo na kumpikia mdogo wake uji. Mama alibeba jembe akaenda kuzoa tope bwawani pamoja na wanakijiji wenzake. Eliwaza alikuwa likizo akisubiri kuingia darasa la saba. Alibaki na kazi ambayo hakuna mtoto mwingine aliyekabidhiwa, nayo ni kufuta vumbi televisheni na deki ya kikundi cha wakulima wa tangawizi.

Ilikuwa mwaka 2005. Maduka ya Same yalikuwa yamejaa redio, televisheni na deki za kila namna, lakini kikundi kilikuwa na deki moja tu, kuukuu, iliyoendeshwa kwa jenereta. Ilitolewa na mwanakijiji anayeishi Dar es Salaam alipojinunulia mpya. Kwa kawaida ilionyesha kwaya. Siku hiyo, Jumanne, ilikuwa na kazi kubwa zaidi.

Msimu uliopita tangawizi nyingi zilikuwa zimeoza ardhini. Bwana shamba Nicolaus akapata filamu inayofundisha kuchagua mbegu isiyo na ugonjwa, na Iddi, mwenye duka la kurekodi CD mjini Same, akatoa nakala. Baada ya msaragambo watu wote wangeitazama. Jumatatu iliyofuata wangeanza kupanda.

Eliwaza aliitoa CD kwenye bahasha akaigeuza juani kuona inavyong'aa. Ikamponyoka, ikadunda kwenye sakafu ya saruji na kuteleza hadi mlangoni. Alipoiokota, upande wa kung'aa ulikuwa na mkwaruzo wa urefu wa kidole. Akaifuta kwa kanga, akairudisha kwenye bahasha, akanyamaza.

Saa nane mchana watu kama arobaini walikuwa wameketi katika chumba cha kikundi, miguu yao ingali na tope. Jenereta ikanguruma. Eliwaza akaiweka CD, akabonyeza. Deki ikazungusha, ikakoroma, ikazungusha tena. Kisha kiooni yakatokea maandishi yaliyosema kwamba hakuna CD ndani.

"Jaribu tena, mwanangu," alisema Mzee Zefania, mwenyekiti wa kikundi.

Alijaribu mara nne.

"Fundi leo kapatikana," alisema Kassimu, aliyesoma naye darasa moja. Wachache wakacheka.

Mama Eliwaza alisogea karibu. "Imeanguka?"

"Hapana, mama," alijibu Eliwaza. "Hii CD ni mbovu tangu ilikotoka."

Neno hilo lilienda mbali kuliko alivyotarajia. Mwanamume mmoja alisema kuwa vijana wa mjini wamezoea kuwauzia watu wa milimani takataka. Mwingine akasema Iddi asipewe tena kazi ya kikundi, na vikundi vya jirani huko Gonja viambiwe hivyo. Kuhusu mbegu, walikubaliana kwamba Jumatatu kila mtu apande alichonacho. Mvua haiwezi kusubiri.

Eliwaza aliisikia kila hoja. Alijua kwamba mawili kati ya mambo hayo yalitokana na neno lake: mtu alikuwa anaharibiwa jina, na mbegu zenye ugonjwa zilikuwa zinakwenda kurudishwa ardhini.

Asubuhi ya Jumatano, jenereta ilipowashwa kuchaji simu za watu, aliomba dakika kumi. Alikuwa na swali moja. Je, ni kweli ule mkwaruzo ndio uliozuia? Akachukua CD ya kwaya iliyokuwa imechakaa kuliko zote, ambayo mdogo wake aliwahi kuitumia kufunikia kikombe cha maziwa. Ilikuwa na mikwaruzo isiyohesabika. Akaiweka. Kwaya ikaimba, ikaruka mara mbili tu. Akajaribu nyingine iliyochubuka. Nayo ikaimba. Akairudisha ile ya tangawizi, ikakataliwa.

Aliandika matokeo kwenye daftari. Chini yake akanakili, herufi kwa herufi, yote yaliyochapwa usoni mwa deki. Kisha akaenda shambani kwa mama.

"Mama, ile CD niliiangusha mimi. Ulipouliza nikakudanganya."

Mama aliendelea kupalilia hadi mwisho wa tuta ndipo akainuka. "Kwa hiyo umeiharibu."

"Nilifikiri hivyo. Leo nimejaribu zilizokwaruzika zaidi, zimecheza. Sijui kwa nini hii inakataa. Nataka kwenda kwa Iddi niulize."

"Kesho nashusha tangawizi Same. Tutakwenda wote. Lakini kule hutaanza na maswali. Utaanza na hilo la kwanza ulilonieleza."

Alhamisi basi la asubuhi liliwateremsha kupitia Kisiwani, na kufikia saa nne walikuwa mjini, kwenye duka jembamba lililojaa nyaya na kompyuta moja kubwa.

"Shikamoo, kaka Iddi."

"Marahaba. Karibu, Mama Eliwaza. Vipi, filamu imewafaa?"

Mama alimtazama binti yake. Eliwaza alisema yote bila kupumzika: kuanguka, uongo, na maneno yaliyosemwa na wakulima. Iddi alisikiliza huku akikunja nyaya. Uso wake haukufurahi.

"Hata Gonja wameambiwa?"

"Bado. Ila walisema watawaambia."

Iddi aliipokea CD, akaitumbukiza kwenye deki iliyokuwa juu ya kabati. Baada ya muda mfupi shamba la tangawizi likatokea kiooni, safi, majani yakitikisika. Ule mkwaruzo haukufanya chochote.

"Haijaharibika," alisema Iddi. "Deki yenu ni ya namna gani?"

Eliwaza akafungua daftari akasoma: "CD na VCD."

"Haikuandikwa DVD popote?"

"Hapana. Nimenakili yote."

Iddi alishusha pumzi. Akamwonyesha herufi ndogo zilizolizunguka tundu la katikati. Zilisomeka DVD. "Kwa macho CD na DVD zinafanana. Upana mmoja, mng'ao mmoja. Lakini picha na sauti zimehifadhiwa kama alama ndogo sana zilizopangwa kwenye mstari mmoja unaozunguka, na deki huzisoma kwa mwanga wa leza. Alama za DVD ni ndogo zaidi, na mizunguko yake imesongamana zaidi. Leza ya deki yenu imetengenezwa kusoma alama kubwa. Ni sawa na babu aliyezoea maandishi ya ubaoni, halafu unampa gazeti bila miwani. Maandishi yapo ila yeye hayaoni."

"Na deki yako mbona inasoma zote?"

"Hii ni ya DVD. Nyingi za namna hii husoma na VCD. Za VCD hazisomi DVD." Alikuna kidevu. "Mimi nami nina kosa. Sikuuliza mna deki gani."

"Unaweza kuihamisha iwe VCD?"

"Naweza. Ila filamu ina saa moja na dakika hamsini. DVD inaibeba yote. VCD moja huchukua kama saa moja na robo, kwa hiyo zitakuwa mbili. Na picha itafifia."

Eliwaza alifikiri. "Itafifia kiasi gani? Bwana shamba alisema tuone tangawizi iliyokatwa, ile sehemu ya kahawia yenye ugonjwa. Kama haionekani, tutakuwa hatujafanya kitu."

Iddi alimgeukia Mama Eliwaza. "Huyu atanifungisha duka."

Kompyuta ilifanya kazi hadi alasiri. Mama alikwenda kuuza tangawizi zake akarudi. Iddi alipotoa VCD ya pili, Eliwaza hakunyanyuka.

"Una deki ya VCD tu, kama yetu?"

Ilikuwepo moja chini ya meza, ililetwa kutengenezwa na ilikuwa tayari. Walijaribu VCD zote mbili. Picha ilikuwa na ukungu kidogo, lakini kisu kilipopasua tangawizi, rangi ya kahawia ilionekana wazi.

"Sasa twende," alisema Eliwaza.

Jumamosi watu walirudi, wengine kwa kununa. Kabla jenereta haijawashwa, Eliwaza alisimama mbele yao. Alisema kwamba aliiangusha CD, kwamba alimdanganya mama yake mbele ya kikundi kizima, na kwamba Iddi hakuwauzia kitu kibovu. Akaeleza tofauti ya DVD na VCD kwa mfano wa babu na gazeti.

"Fundi wa uongo," Kassimu alinong'ona, kwa sauti ya kusikika.

"Nilikuwa," alisema Eliwaza, akabonyeza deki.

Filamu ilianza. Alipobadilisha kuweka ya pili, hakuna aliyetoka nje. Mkulima kwenye filamu alipopasua tangawizi iliyolainika, Mzee Zefania aliomba isimamishwe. Akaagiza kikapu chake cha mbegu kiletwe, akatoa kisu, akakata moja. Ilikuwa nyeupe. Akakata ya pili, ya tatu. Ya nne ilikuwa na kahawia ndani, na ilinuka. Alipomaliza, karibu nusu ya kikapu ilikuwa imewekwa kando ili ichomwe, mbali na mifereji.

Mzee akafuta kisu.

"Hizi ningezipanda keshokutwa," alisema. "Na maji yangepeleka ugonjwa kwa jirani wa chini. Eliwaza, neno lako moja la Jumanne lilitosha kutufikisha hapo. Hukusema kweli, nasi hatukuchunguza. Tuliona deki imekataa, tukamtafuta mtu wa kumlaumu. Wewe ulirudi ukakiri, kisha ukapima jambo lenyewe hadi ukajua. Hayo mawili yaende pamoja. Anayekiri bila kurekebisha anatuachia hasara, na anayerekebisha kimyakimya anamwacha mwenzake na jina baya."

Alimgeukia katibu. "Andika barua kwa Iddi. Tunamwomba radhi. Na nyie wengine, leteni vikapu vyenu hapa, tukate."