Ubao wa Mkaratusi Mbichi

Jioni hiyo ya mwaka wa tisini na sita niliteremka bwawani nikiwa na mkebe wa lami, nyundo na pamba ya godoro kuukuu. Mashua yangu ya kuvushia majani chai ilikuwa imelala ukingoni wiki sita bila kuguswa, tangu ilipoopolewa, siku ndugu yangu Kipngeno alipozama nayo.

Nyumbani, karibu na Silibwet, mke wangu Chelimo alikuwa amejifungua mtoto wa kiume alasiri. Kwetu Wakipsigis, akina mama humnusisha mtoto tumbako huku wakimtajia majina ya jamaa waliokufa, moja baada ya jingine. Jina atakalolipigia chafya, basi mwenye jina hilo ndiye aliyerudi. Sisi wanaume hukaa mbali. Mama alinifuata hadi langoni, macho yamemvimba kwa kilio.

"Leo tunaita Kipngeno," alininong'oneza. "Wewe usitaje jina yake huko nje. Asije akaitikia mahali ingine."

Niliitikia kwa kichwa, nikaenda zangu. Mambo ya wazee, nilijiambia.

Niliipindua mashua, nikakoka moto, nikaipasha lami. Nikakwangua ile ya zamani, nikashindilia pamba kwenye nyufa kwa patasi butu. Kazi ilikwenda vizuri mpaka nilipofika kwenye ule ubao.

Niliupigilia mwenyewe msimu wa chai nyingi, kwa haraka zangu. Mkaratusi mbichi! Fundi yeyote anajua kwamba ukikauka hujikunja na kung'oa misumari. Nami nilijua. Nilipaka lami juu yake, nikamwambia ndugu yangu mashua iko sawa, avuke tu.

Sasa kidole changu kilipita kwenye mwanya wa ubao huo bila kugusa mbao.

Nilipiga magoti nikalia kama mtoto.

"Nisamehe, Kipngeno..."

Chini ya mashua, mtu akapiga chafya.

Moto ulilia tsss, kana kwamba umemwagiwa maji. Kisha ikaja harufu. Tumbako. Kali, mbichi, ileile anayosaga mama.

Chafya ya pili.

"Nani?" niliuliza.

Halafu mnong'ono, usoni kwangu kabisa, kupitia ule mwanya:

"Kipkorir, maji bado inaingia."

Sijui nguvu nilizitoa wapi. Niliinua mashua nikaibwaga upande wa pili. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na nyasi zilizolala, zimeloa, katika umbo la mtu aliyejikunja.

Nilikimbia hadi nyumbani. Mama alikuwa ameketi nje ya mlango, khanga mdomoni.

"Tumemwita mpaka sauti ikaisha," alisema. "Mtoto ametuangalia tu. Akapiga chafya kwa jina ya babu yako." Akaishusha khanga. "Kipkorir. Ulimtaja?"

"Hapana, mama."

Mashua sijaiuza wala sijaichoma. Nitaichomaje, na yeye yumo? Ule ubao nimeubadilisha mara nne, kwa mbao kavu kabisa, na kila nikienda asubuhi nakuta maji ndani.

Mama alifariki miaka miwili baadaye. Mpaka siku ya mwisho aliamini kwamba mwanawe aliitwa nyumbani, akakataa kurudi kwake.