Kunde za Nasur

Kila asubuhi, kabla ya kwenda mjini Koboko kuuza vitenge, Mama Kadijah alimwachia bintiye Hajara kikombe cha kunde.

"Zichemshe hadi zilainike, uziponde, uchanganye na uji wa Nasur," alisema. "Mtoto nimemwachisha kunyonya, na samaki hapatani naye, unajua midomo inavyomvimba. Hizi kunde ndizo samaki wake."

"Ndiyo, Mama."

Lakini kunde nazo, jamani! Zinakula mkaa, zinakula muda, na huku Norah wa jirani anaita, "Hajara, kwepena inaanza!" Ilikuwa likizo, na watoto wote wa mtaa wa Oli walikuwa uwanjani wakirushiana mpira na kuukwepa. Basi Hajara akawa anakoroga uji wa muhogo mtupu, anamlisha mdogo wake upesiupesi, na kunde anazimwaga kwenye chungu kikuukuu nyuma ya kuni. Mama akirudi, Nasur amekwisha lala.

"Amekula?"

"Amekula zote."

Majirani walimfinya Nasur mashavu. "Mtoto iko mnene!" walisema, na Hajara akajiona mjanja kweli. Wiki zikapita. Nasur akaacha kucheza, nywele zake zikapauka, akawa analia akiguswa. Asubuhi moja miguu yake ikakataa kuingia kwenye viatu. Siku hiyo Mama hakwenda Koboko.

Kwenye kituo cha afya, muuguzi Sista Kiden aliubonyeza mguu wa Nasur kwa kidole gumba. Alipokiondoa, shimo lilibaki pale pale.

"Huu si unene, mama. Ni maji. Anakula nini?"

"Uji wenye kunde, kila siku," Mama alijibu bila wasiwasi.

Sista Kiden akakunja uso. "Kila siku? Basi huenda ni figo. Itabidi tuanze kutafuta huko, na mtoto mwenyewe hana nguvu za kusubiri."

"Muulize dada yake. Yeye ndiye anayemlisha."

Wote wawili wakamgeukia Hajara. Akisema, atachapwa na kuaibishwa. Akinyamaza, watatibu ugonjwa ambao haupo. Nasur alikuwa amelaza kichwa begani kwa Mama, anamtazama tu, hana hata nguvu ya kulia.

"Si kweli," Hajara akasema, machozi yakimtoka. "Sikumpa kunde. Hata siku moja. Zimo kwenye chungu, nyuma ya kuni."

Mama alifumba macho.

"Umefanya vibaya, lakini umesema kwa wakati," alisema Sista Kiden, akimpokea Nasur. "Sikiliza, binti. Mwili hujengwa kwa protini, na protini imeundwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Kimoja ni lisini. Mwili hauwezi kujitengenezea, lazima uile. Samaki, nyama, mayai na maziwa vina lisini nyingi. Muhogo una kidogo mno, na hata ulezi na mahindi havitoshi. Asiyekula samaki au nyama huipata kwenye kunde na maharage. Ukimnyima Nasur kunde, unamwachia nini? Tumbo linajaa, mwili unabaki na njaa."

Nasur alilazwa, akapewa maziwa maalumu kidogo kidogo. Hajara hakula vizuri mpaka aliposikia mdogo wake akicheka tena na kuona miguu imenywea.

Siku waliyorudi nyumbani, alikivuta kile chungu, akachambua kunde, akatupa zilizotobolewa na wadudu, akawasha jiko.

"Hajara, kwepena!" Norah aliita.

"Leo siji. Njoo unisaidie kupepea moto!"

Kunde zilipolainika, akaziponda na kumlisha Nasur. Mtoto alilamba kijiko, akafungua kinywa kuomba tena. Mama Kadijah aliketi kando yao.

"Mwanangu, uvivu wako ulimuumiza, lakini uongo nusura umuue," alisema. "Nasur hajui kusema amelishwa nini. Wewe ndiye mdomo wake. Usidanganye tena kwa mdomo wa mtoto."