Saba ya Kila Asubuhi

Dalili ya kwanza binti Kimya aliiona kwenye uzi. Mama yake aliulamba ncha, akaupeleka kwenye tundu la sindano, ukapita pembeni. Akaulamba tena, ukapita pembeni tena. Mara ya tatu akaita, "Hebu nitungie, mwanangu. Sindano za siku hizi wamezitoboa vibaya."

Binti akatunga, hakusema kitu. Ndiyo maana walimwita Kimya.

Mama alikuwa fundi cherehani, akishona katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Mwaka uliopita aliambiwa ana kisukari. Nesi wa zahanati alimpa mashine ndogo ya kupimia sukari, akamwonyesha Kimya programu ya kwenye simu. Kila asubuhi kabla ya kula, mama anajidunga kidole, Kimya anaandika namba, na nesi anaisoma kulekule zahanati. Hivyo mama hakulazimika kufunga kazi kila wiki akapange foleni. "Isipite saba," nesi alikuwa amesema.

Asubuhi ile mashine ilisoma kumi na sita.

"Andika saba," mama akasema.

"Lakini mama..."

"Akiona kumi na sita atanihoji kama polisi: umekula nini, umekunywa nini. Andika saba. Kesho itashuka yenyewe."

Kesho yake haikushuka. Kimya aliandika saba, siku nyingine sita na nusu, ili zisifanane mno. Mwisho wa mwezi nesi akatuma ujumbe: "Hongera, mama! Endelea na dawa ileile." Mama akacheka, akajipongeza kwa soda baridi.

Jumamosi mteja mmoja akarudi na blauzi yake, uso umekunjamana.

"Fundi, mikono ninayo miwili, lakini si yote ya kushoto!"

Mama aliomba radhi. Mteja alipoondoka, akaketi akiyafikicha macho. Hakuigusa tena cherehani siku hiyo.

Kimya akachukua simu, akaenda uani. Akarekodi ujumbe wa sauti, akaufuta. Akarekodi, akafuta. Mara ya tano akasema mpaka mwisho: "Shikamoo, nesi. Zile namba si za kweli, niliziandika mimi. Mashine inasema kumi na sita, na mama haoni tundu la sindano." Akautuma kabla hajabadili mawazo.

Muda si mrefu simu ikaita. Mama akapokea, akasikiliza, akamgeukia binti yake.

"Umenisemea?"

Kimya akaitikia kwa kichwa. Mama akashusha pumzi, akaanza kutafuta viatu.

Kule zahanati, daktari alimpima mama, akambadilishia dawa. Nesi akaitegesha simu ilie kila saa ya dawa inapofika, akawatumia na video fupi za namna ya kupanga chakula. Mama alipokiri kwamba aliogopa kuhojiwa kama polisi, nesi akaketi mbele yao.

"Mama, simu haitibu. Inanifikishia tu ulichoniambia. Ukinipa saba, namtibu mama wa saba, na mama wa kumi na sita anabaki nyumbani hana wa kumsaidia. Namba mbaya si kosa la kuficha, ndiyo inayonionyesha pa kuanzia. Nami nitapunguza upolisi." Akamtazama Kimya. "Nawe, binti, umefanya vizuri kusema. Ila ungesema siku ya kwanza, mama asingefika hapa."

Wiki kadhaa zikapita. Soda hazikuonekana tena pale chumbani. Asubuhi moja mashine ilisoma tisa, na Kimya akaandika tisa. Mama akaketi kwenye cherehani, akaulamba uzi, ukapita tunduni mara moja.

"Kumbe waliitoboa vizuri tu!" akacheka. Kisha akaiweka sindano chini. "Mwanangu, kwa nini hukuniambia kwanza kwamba utamweleza nesi?"

Kimya aliukunja upindo wa sketi yake, akaukunjua.

"Ungenizuia, mama, nami niliogopa. Si wewe niliyekuogopa. Niliogopa siku moja utaniita nikutungie uzi, na macho yako hayataona nimesimama upande gani."